Mchuzi wenye mafuta kidogo unapoteza ladha, tatizo liko wapi?

Muulizaji:
Wadau, mchuzi wa watu wanne uliokuwa ukila vijiko vikubwa vinne vya mafuta nimeushusha hadi kijiko kimoja cha chai. Sasa kitunguu kinashika chini kabla hakijaiva, viungo vya unga vinabaki na ladha mbichi, na mtindi ninaoweka badala ya krimu unakatika. Kuongeza chumvi hakusaidii. Nirudishe mafuta au nibadili upishi?

Sufuria Nzito:
Badili upishi, ila na kijiko cha chai kimoja umebana mno. Harufu nyingi za viungo huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Ukiyaondoa karibu yote, bizari inaishia kuwa vumbi ndani ya mchuzi. Weka kijiko kikubwa kimoja, yaani vijiko vitatu vya chai. Hiyo ni kama gramu 14 na kalori 120, bado robo tu ya ulichokuwa unatumia.

Kigawe. Kijiko cha chai kimoja kiende kwa vitunguu viwili vilivyokatwa vidogo, na chumvi kidogo ili vitoe maji. Funika dakika 5, moto mdogo. Funua, pandisha moto uwe wa wastani, acha vishike kidogo mpaka chini pawe kahawia (si peusi!), kisha mwagia maji vijiko vikubwa viwili na ukwangue kwa mwiko. Rudia mara tatu au nne. Wengi huharibu hapa kwa kumimina nusu kikombe cha maji kwa mpigo: kitunguu kinachemka badala ya kukaangika, maana penye maji joto halivuki nyuzi 100, na ile rangi inataka zaidi ya hapo.

Sogeza vitunguu pembeni, weka vijiko viwili vya chai vilivyobaki katikati, tia viungo, koroga nusu dakika tu. Halafu nyanya ya kopo kijiko kikubwa kimoja, kaanga hadi wekundu wake ukolee. Ndipo maji.

Mwiko:
Kuhusu mtindi: protini zake hushikana zikipata joto kali, na ule usio na mafuta hukatika upesi zaidi. Piga kikombe kimoja cha mtindi na kijiko cha chai cha kornifulawa, ongeza mchuzi wa moto upawa mmoja huku ukikoroga, kisha rudisha vyote sufuriani kwa moto mdogo kabisa. Usiache utokote.

Kama ni mchuzi wa nyama, ulaze kwenye friji. Asubuhi mafuta yatakuwa yameganda juu, unayatoa kwa kijiko. Hiyo inashinda kupima matone.

Ndimu Mwishoni:
Naongezea kwa aliyesema chumvi haisaidii: mara nyingi kinachokosekana ni uchachu. Kamulia ndimu baada ya kuepua, siyo mapema, maana harufu yake hupotea ikichemka.

Na msifike sifuri. Vitamini A, D, E na K zinahitaji mafuta ili mwili uzifyonze. Pia tazameni vyakula vya pakiti vilivyoandikwa "mafuta kidogo": kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, chakula kigumu kikipewa sifa hiyo hakipaswi kuzidi gramu 3 za mafuta kwa kila gramu 100, lakini sukari inaweza kuwa imeongezwa kufidia ladha. Soma mstari wa sukari pia.

Muulizaji:
Shukrani wakuu. Na bilinganya? Inakunywa mafuta yote niliyoyapima.

Sufuria Nzito:
Ipike kwa mvuke dakika 5 hadi 8 kwanza, vipande vya unene wa kidole. Nyama yake ya ndani ina matundu mengi ya hewa, na mvuke huyafanya yabonyee. Ikaushe kwa kitambaa, ipake mafuta kwa brashi, kisha iweke kwenye kikaango chenye moto mkali. Usipoikausha itatota.