Niko mwaka wa tatu chuoni Ohio: nijiandaeje kuomba shule ya sheria?

MkaziWaColumbus aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Ninasoma afya ya jamii katika chuo kikuu cha serikali hapa Ohio, mwaka wa tatu. Familia yetu ilihamishiwa Marekani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu nikiwa bado shule ya msingi, na sote tuna grini kadi. Nia yangu ni kuwa wakili wa wapangaji, lakini katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupita njia hiyo, na mshauri wa masomo niliyepangiwa amezoea wanafunzi wanaokwenda udaktari.

Naomba kufahamishwa mambo matatu. Je, inanipasa kuhamia sayansi ya siasa ili maombi yangu yachukuliwe kwa uzito? Pia, nilianzia chuo cha miaka miwili huku nikifanya kazi ya usiku ghalani, nikapata D katika somo la takwimu, kisha nikalirudia na kupata A. Je, ile D imefutika? Na LSAT, yaani mtihani wa kuingia shule ya sheria, niufanye lini, kwa kuwa wazazi wangependa niunganishe moja kwa moja mara nitakapohitimu?

WakiliWaUhamiaji alijibu:

Marahaba, mdogo wangu. Usihame fani. Sheria hapa haisomwi kama Dar es Salaam au Nairobi, ambako mtu hutoka sekondari akaingia shahada ya kwanza ya sheria, LLB. Hapa ni shahada ya miaka mitatu, JD, inayofuata shahada ya kwanza ya fani yoyote, na Chama cha Mawakili cha Marekani, ABA, ambacho ndicho huidhinisha shule hizo, hakipendekezi fani moja kuliko nyingine. Anayeelewa jinsi ukungu wa ukutani unavyochochea pumu ya mtoto ana hazina katika kesi za nyumba mbovu, na kuhama sasa kutakuchelewesha kuhitimu bila kukuongezea chochote. Ukiwa na nafasi ya somo la hiari, chagua lenye mwalimu anayedai insha ndefu na anayezisahihisha kwa ukali.

Kuhusu D, jibu halitakufurahisha. Maombi karibu yote hupitia LSAC, shirika lile lile linaloendesha LSAT, nalo hutaka nakala ya matokeo kutoka kila chuo ulichosoma kabla ya shahada ya kwanza, kikiwemo kile cha miaka miwili, kisha hukokotoa upya wastani wako wa alama kwa kanuni zake. Chuo chako kinaweza kuwa kimeiondoa D katika hesabu yake, lakini maadamu bado inaonekana kwenye nakala ya matokeo pamoja na krediti za somo, LSAC itahesabu zote mbili, D na A. Tena alama za baada ya shahada ya kwanza haziingii katika wastani huo, hivyo usimsikilize anayekwambia kwamba shahada ya uzamili itaurekebisha. Zilizobaki mikononi mwako ni alama za mihula iliyosalia.

Ile D iandikie maelezo mafupi ya pembeni, ambayo shule nyingi huyaruhusu: ulikuwa unafanya kazi usiku, ulilirudia somo, ukapata A. Sentensi nne zinatosha, bila kulalamika na bila kuomba huruma.

MwakaWaPili_JD alijibu:

Mimi niko mwaka wa pili wa JD, kwa hiyo nitajikita kwenye LSAT. Alama zake huanzia 120 hadi 180. Tangu Agosti 2024 yale mafumbo ya kupanga watu kwenye viti na siku za juma yameondolewa, basi ukirithi vitabu vya zamani kutoka kwa mtu, sehemu hiyo iache. Sasa kuna sehemu nne za dakika 35 kila moja: mbili za hoja, moja ya ufahamu, na moja ya majaribio isiyohesabiwa, ambayo hutaijua ni ipi. Insha ya kujenga hoja hufanywa kando, na bila hiyo alama zako za kwanza hazitolewi.

Wengi wetu tuliokulia katika lugha nyingi huogopa msamiati. Nionavyo, kinachoangusha watu zaidi ni kukubali hoja kwa kuwa inasikika vizuri. Chukua mfano huu: kila mpangaji anayelipa kwa wakati hupewa risiti, Asha amepewa risiti, kwa hiyo Asha alilipa kwa wakati. Ukisoma haraka utaona imenyooka, lakini hakuna mahali paliposemwa kwamba aliyechelewa hapewi risiti. Sehemu kubwa ya mtihani imejengwa kwa mitego ya namna hiyo, iliyovishwa mada za wanyama, uchoraji au bei za mafuta. Kwa hiyo, kila swali unalokosa, andika kwa maneno yako mwenyewe, hata kwa Kiswahili, kwa nini jibu ulilolichagua si sahihi na kwa nini lile lingine ni sahihi. Kurundika mitihani ya mazoezi bila kazi hiyo ni kujichosha. LSAC hutoa bure baadhi ya mitihani iliyopita kwenye mfumo wake wa LawHub, nayo inatosha kuanzia. Kozi za kulipia zinaweza kusubiri.

Kuhusu muda, kama kweli unataka kuunganisha, fanya mtihani Juni au Agosti kabla ya mwaka wa nne. Shule nyingi hufungua milango ya maombi Septemba na huamua maombi kadiri yanavyoingia, kwa hiyo anayeomba Oktoba hukuta viti na ufadhili ambavyo anayeomba Machi hukuta vimekwisha gawiwa. Lakini usiingie kwenye chumba cha mtihani kwa sababu tu tarehe imefika. Unaruhusiwa kuufanya mara tano tu katika kipindi ambacho alama zako hubaki hai, yaani miaka mitano, na mara saba katika maisha yako yote.

MamaWaMinneapolis alijibu:

Nimesomesha mtoto aliyepita njia hii, nanyi vijana mmeruka suala la fedha. Mwanangu, omba kwanza msamaha wa ada kutoka LSAC, kwa kuwa ukikubaliwa hugharamia mtihani pamoja na huduma ya kukusanya nakala zako. Uombe kabla hujalipa chochote. Kisha ujue kwamba sheria ya bajeti iliyotiwa saini Julai 2025 imebadili mikopo. Ule mkopo wa Grad PLUS, uliowawezesha watu kukopa gharama yote ya masomo, unafungwa kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, na mwanafunzi wa sheria atakopa kutoka serikali kuu si zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla. Shule ambayo ada na makazi yake vinapita kiwango hicho itakusukuma kwenye benki binafsi, na huko watadai mdhamini.

Ndiyo maana ninawapinga wazazi wenzangu wanaosema kijana aunganishe tu. Mwaka mmoja wa kazi, ukiongeza alama chache za LSAT, unaweza kugeuza barua ya kukubaliwa ikawa barua ya kukubaliwa na ufadhili. Na ufadhili wenyewe usomwe kwa makini. Kuna shule zinazotoa ufadhili wenye masharti ya wastani, na kwa kuwa alama za mwaka wa kwanza hupangwa kwa kulinganisha wanafunzi, si wote wanaoweza kuutunza hata wakisoma usiku kucha. Kila shule iliyoidhinishwa na ABA inalazimika kutangaza kila mwaka, chini ya kanuni ya 509, ni wanafunzi wangapi walipunguziwa au kunyang'anywa ufadhili wa namna hiyo. Isome taarifa hiyo kabla ya kutazama picha za maktaba yao.

MkaziWaColumbus aliandika:

Nawashukuru sana. Mama, hoja ya kusubiri mwaka mmoja nitaifikisha nyumbani, ingawa sitarajii kikao kifupi. Nina swali moja zaidi. Katika maelezo binafsi, ile insha inayoambatana na maombi, nimekuwa nikiandika juu ya maisha ya kambini, lakini kila ninapoyasoma naona kama yamehusu kambi tu. Jambo lililonivuta kwenye sheria lilitokea hapa Columbus: jirani yetu alikuta notisi ya kuhama ya siku tatu imebandikwa mlangoni, akaanza kufunga mizigo akidhani siku ya nne askari wangemtoa. Nilimsomea, tukapiga simu ofisi ya msaada wa sheria, tukaelezwa kwamba siku tatu zikiisha mwenye nyumba hupata tu haki ya kufungua kesi, na kwamba jirani angesikilizwa mahakamani kwanza. Je, hilo ni dogo mno?

WakiliWaUhamiaji alijibu:

Hilo ndilo la kuandika. Kambi ipate aya moja, kwa sababu imekulea, lakini msomaji wa maombi anatafuta jinsi unavyofikiri, na mlango wenye notisi unamwonyesha hivyo ndani ya kurasa mbili ambazo kwa kawaida ndizo utakazopewa. Andika kwamba ulitafsiri na ukapiga simu. Usiandike kwamba ulimshauri kisheria, kwa kuwa kutoa ushauri wa sheria bila leseni ni kosa, na msomaji wako ni mwanasheria. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Juni 2023 imezuia shule kumpa mtu nafasi kwa rangi yake, lakini haikumzuia mwombaji kueleza jinsi maisha yake yalivyomjenga, kwa hiyo usijifute.

Maswali ya nidhamu kwenye fomu ya maombi nayo yajibu yote, hata faini ndogo kama swali linaitaka. Utakapoomba leseni, jopo la uwakili linaweza kulinganisha majibu hayo na yale utakayowapa, na lililofichwa huleta matatizo makubwa kuliko kosa lenyewe.

Barua za mapendekezo zianze sasa. Mfuate ana kwa ana mwalimu aliyesahihisha kazi yako ndefu zaidi, kabla hajaondoka kwa likizo ya kiangazi, umpelekee kazi hiyo ikiwa na maoni yake pembeni. Ya pili anaweza kuandika msimamizi wako wa ghalani, iwapo shule inaruhusu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuona ukifika kazini ukitoka darasani.