Pegasus kuzamishwa Zanzibar 1914: tulaumu boila, mizinga au ulinzi?

Mleta mada: Wakuu, alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga bandarini Zanzibar, boila (matangi ya kuchemshia maji yatoe mvuke wa kuendeshea meli) zimezimwa kwa matengenezo. Ikaishindilia makombora. Mabaharia 38 walipoteza maisha na meli ikazama siku hiyohiyo. Wapo wanaomtupia lawama zote Komanda John Ingles, nahodha wa Pegasus, kwa kuzima boila wakati wa vita. Ni haki?

Fundi Boila: Si haki. Pegasus ilishushwa majini 1897, na boila za meli za aina yake zilisifika kwa usumbufu. Ukoko ukijaa ndani ya bomba, joto haliingii kwenye maji, bomba linaungua na mwisho linapasuka. Hilo halitengenezwi moto ukiwaka. Unazima, unasubiri lipoe, unafungua, unakwangua, unafunga, unajaza maji, ndipo unapandisha mvuke polepole kwa saa kadhaa. Ukiharakisha, viungo vinavuja. Adui akitokea katikati ya kazi hiyo, huna cha kufanya. Matengenezo hayakuwa hiari.

Kombora: Tena hata ikiwa na mvuke ingepigwa tu. Watu wanadhani mizinga ya Mjerumani ilikuwa mikubwa mno. Hapana: upana wa mdomo wa mzinga ni inchi 4 kwa Pegasus, sentimita 10.5 kwa Königsberg, karibu sawa! Tofauti iko kwenye kombora na masafa. La Pegasus lilikuwa na uzito wa ratili 25, yaani kilo 11 na kitu. La Königsberg lilizidi kilo 15 na mzinga wake ulifika kilomita 12. Looff, nahodha wake, alisimama mbali, makombora ya Pegasus yakawa yanaangukia majini kabla ya kumfikia. Na wapigaji wa Pegasus walikuwa sitahani, wamekingwa na ngao nyembamba tu. Kombora likipasuka jirani, vipande vinafagia kundi zima la mzinga. Ndiyo maana mizinga ilinyamaza ndani ya dakika chache.

Mtoto wa Forodhani: Mkuu Kombora, basi lawama iende kwa waliomwondoa Astraea, manowari nyingine ya Waingereza. Huyo alikuwa na mizinga miwili ya inchi 6, akapangiwa kazi nyingine, Pegasus akabaki peke yake.

Kombora: Hapo nakuunga mkono.

Mvuvi wa Kojani: Mimi bado namdai Ingles. Mlango wa kusini wa bandari aliuachia Helmuth, tagi ndogo (meli ya kuvutia meli nyingine), na onyo halikumfikia kwa wakati. Bandari ya Kilindini ilikuwepo, maji ya ndani yamefichwa na kisiwa cha Mombasa. Yeye akatengeneza meli mahali inapoonekana kutoka baharini. Mlinganisheni na Looff mwenyewe: baada ya shambulio mitambo yake nayo ilimgomea. Akajificha ndani ya delta ya Rufiji, akaweka walinzi midomoni mwa mto, vipuri vikakokotwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam na kurudishwa. Waingereza walihitaji manowari nyingi na miezi mingi, hadi 11 Julai 1915, kuimaliza. Fundi, nakubali boila lilipaswa kuzimwa. Ninachouliza ni kwa nini lizimiwe pale.

Fundi Boila: Kuhusu mahali, sina utetezi.