Naombeni ushauri: madoa ya Messerschmitt 109 kwa brashi ya mkono, sina kompresa

Ngedere wa Ilala

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa wale wanaojenga modeli za ndege za plastiki, najua humu mpo ila mmejificha. Binamu yangu karudi kutoka Uingereza kaniletea boksi la Messerschmitt Bf 109 G-6, ile ndege ya kivita ya Wajerumani ya Vita Kuu ya Pili, skeli ya 1/72, yaani ikiisha bawa hadi bawa ni kama sentimita 14 tu. Chumba cha rubani nimeshamaliza, kiwiliwili nimefunga, mabawa yamekaa, pati nimepiga na msasa nimepitisha, sasa nimefika kwenye rangi ndo nimekwama.

Juu ya mabawa ni kijivu aina mbili zimekatwa kwa mistari iliyonyooka, hiyo naiweza, nabandika masking tepu napaka kwisha habari. Shida ni ubavuni. Pale ni kijivu cheupe chenye ubluu kwa mbali halafu juu yake kuna madoadoa laini, kingo hazionekani, na kweli hata kwenye ndege yenyewe yalipulizwa kwa bomba la rangi. Mimi eabrashi (kile kibomba kidogo cha kupulizia rangi) sina, kompresa ya kuisukumia hewa sina, na kwa hela ninazoziona huko mtandaoni mwaka huu sahauni. Nina brashi zangu za kawaida tu na rangi za akriliki za dukani zile za wanafunzi wa sanaa. Inawezekana au niipake rangi moja tu yaishe?

La pili, kwenye karatasi ya stika ile swastika ya mkiani, alama ya Wanazi, imekatwa vipande viwili, unatakiwa uviunganishe mwenyewe. Niibandike au niache? Hii ndege itakaa sebuleni na nyumbani kwangu wageni hawaishi.

Chuma Chakavu

Mtu mzima unacheza na midoli halafu unaomba ushauri 😂 nenda kalime mkuu, mvua zimeanza

Ngedere wa Ilala

Shamba nimeshapanda mkuu, nasubiri mahindi huku napaka ndege. Wataalamu njooni.

Fundi Kipanga

Mkuu inawezekana kabisa na asikudanganye mtu kwamba bila eabrashi huwezi, watu walikuwa wanapaka hizi 109 kwa brashi miaka na miaka kabla kompresa hazijashuka bei. Ila kuna utaratibu wake, ukikurupuka utapata ndege yenye ndui.

Kwanza elewa unachopaka. Kwenye maelekezo ya rangi utakutana na namba RLM 74, 75 na 76, hizo ni za wizara ya anga ya Ujerumani ya wakati ule, kila rangi ilikuwa na namba yake. 76 ndo hicho kijivu cheupe chenye ubluu, kinakaa tumboni kote na kinapanda ubavuni. 74 ni kijivu kilichoiva chenye ukijani ndani yake, 75 ni kijivu cha kati kina uzambarau kidogo sana. Madoa ya ubavuni ni hizo 74 na 75, mara nyingine wanachanganya na 02 ambayo ni kijivu cha kijani kilichofifia. Kwa hiyo usipake madoa ya rangi moja, changanya mbili, hapo ndo jicho linadanganyika.

Sasa zoezi lenyewe. Tandaza 76 ubavu mzima, koti nyembamba nyembamba, ikauke vizuri kabisa. Chukua brashi kuukuu, ile nywele zimeshatawanyika ulitaka kuitupa, ikate nywele zibaki fupi ziwe ngumu. Chovya kwenye rangi kidogo, halafu futa kwenye tishu mpaka uone kama imeisha, ikifika hapo ndo inafaa. Gonga wima, usivute. Anza juu mgongoni ambako madoa yanabanana mpaka yanaungana na rangi ya juu, ukishuka chini yaachane, ukifika usawa wa bawa yabaki machache yamefifia. Doa moja kwenye ndege halisi lilikuwa na upana kama wa sahani, gawa kwa 72 uone linabaki kiasi gani, ni milimita chache sana. Wengi wanakosea hapo, wanaweka madoa makubwa mno.

Ukimaliza utaona bado kingo ni kali kidogo. Chukua 76 ileile, iongeze maji mpaka iwe kama haina rangi, pitisha juu ya ubavu wote mara moja. Hiyo inayalaza madoa yote kwenye rangi ya chini, yanakuwa kama yako nyuma ya ukungu. Hatua hii usiiruke.

Na kabla hujaigusa ndege fanyia majaribio kwenye kijiko cha plastiki, kile cha kulia keki kwenye sherehe, mgongo wake umejipinda vilevile kama kiwiliwili.

Ngedere wa Ilala

Aisee 🙏 hii naikopi naibandika ukutani. Swali, hizi akriliki za tyubu za wanafunzi hazina shida? Nimepaka kidogo kwenye fremu inayobaki, inateleza na ikikauka inaacha michirizi.

Fundi Kipanga

Zina shida ila zinatumika. Kwanza osha plastiki kwa maji na sabuni ya vyombo, inatoka kiwandani ina mafuta. Halafu lazima uweke praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, bila praima akriliki ya tyubu haishiki, ukitoa tepu inatoka nayo. Na punguza kwa maji, koti nyingi nyembamba, usitake kuziba kwa koti moja.

Mpwani Halisi

Naongeza hapo kwenye praima maana mie niko Mombasa na hali ya hewa yetu haina tofauti na Dar. Praima ya kopo ya kupuliza ya mafundi magari inafaa, ile ya kijivu, lakini ndugu yangu kuna mambo mawili. Moja, thina yake ni kali, ukipuliza karibu na nyingi plastiki inaanza kuyeyuka na ile mistari ya maungio ya mabati iliyochorwa kwenye plastiki yote inazibika, kwa hivyo simama mbali, puliza ukipita, ukipita, usisimame pahala pamoja, na ujaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Mbili, usipulize siku ya mvua wala usiku unyevu ukiwa umejaa, rangi hizi za thina zikikauka kwenye hewa yenye maji zinafanya weupe kama ukungu na hautoki kwa kufuta. Mie hungoja saa nne tano za asubuhi jua limeshika, na kopo naliweka ndani ya maji ya vuguvugu (vuguvugu, si ya moto, ni kopo la gesi hilo usije ukatulipukia) ndipo rangi inatoka laini.

Na usimwambie binamu akutumie rangi za mafuta au thina kwa posta ya ndege, vitu vya kushika moto havisafiri hivyo. Akriliki za maji hazina neno.

Mama Vipande

Nimefurahi kuuona huu uzi, nikajua niko peke yangu. Mimi niko Ujerumani huku, mambo ya swastika nayajua kidogo. Sheria ya huku inakataza kuonesha alama za Wanazi hadharani, kwa hiyo boksi nyingi zinazouzwa Ulaya ama hazina kabisa hiyo stika, ama imekatwakatwa vipande kama hiyo yako ili ikiwa kwenye karatasi isiwe alama kamili. Hakuna kingine cha ajabu hapo. Kwako wewe Dar ni uamuzi wako, historia ni historia na ile misalaba myeusi ya kwenye mabawa inatosha kumwambia mtu ni ndege ya nani. Mimi zangu zote sibandiki, mkia unabaki mtupu na hakuna mgeni amewahi kuuliza mbona mkiani hamna kitu. Wanauliza tu bei 😄

Chuma Chakavu

Swali la kweli sasa siyo utani. Kwa nini mnajenga ndege za Hitler? Za Waingereza si zipo?

Ngedere wa Ilala

Swali zuri. Mimi nilipewa zawadi, sikuchagua. Ila hata ningechagua, Spitfire ya Waingereza bila 109 pembeni hujui ilikuwa inakimbizana na nani. Hii mashine iliruka mara ya kwanza 1935, vita inaisha 1945 bado inatengenezwa, na zilitoka zaidi ya 33,000. Huwezi kuongelea ile vita ukairuka. Kumjengea mtu sanamu ni kitu kingine.

Mama Vipande

Na hadithi zake hazikosi Waafrika pia. Yule rubani wao maarufu wa 109 jangwani, Hans-Joachim Marseille, aliyehesabiwa kutungua ndege 158, alikuwa na mfungwa wa vita kutoka Afrika Kusini, koplo Mathew Letulu, aliyetekwa Tobruk 1942, akawa msaidizi wake kambini wakawa marafiki. Marseille alikufa mwezi wa 9 mwaka huohuo, injini ya 109 yake mpya, toleo la G-2, ikajaa moshi hewani, akaruka na parachuti halikufunguka.

Buda wa Modeli

Nimechelewa, Nairobi hapa stima ilikuwa imepotea. Msee ukitaka kukwepa swastika na bado uwe mkweli kwa historia, paka hiyo G-6 ya Uswisi. Si mzaha. Mwaka 1944 ndege ya usiku ya Wajerumani, Bf 110, ilitua Dübendorf kule Uswisi ikiwa na rada na mizinga ya siri, Wajerumani wakaingiwa na baridi. Wakakubaliana Waswisi waichome, na wao wauziwe G-6 mpya 12. Zikaja, na Waswisi wakalalamika sana juu ya ubora wake, vita ilikuwa imekaba viwanda. Hizo zina msalaba mweupe kwenye nyekundu na mistari mipana ya nyekundu na nyeupe ili zisitunguliwe kimakosa. Sebuleni itapendeza kuliko kijivu.

Ubaya ni kwamba nyekundu juu ya nyeupe kwa brashi ni kazi, na stika itabidi utafute kando ama uchore. Na madoa ya ubavuni bado hujayakwepa, zilifika na rangi zao za Kijerumani.

Kama unachotaka ni kukwepa madoa basi boksi lijalo chukua toleo la 109 E ya 1939, juu kijani mbili za giza, 70 na 71, tumbo bluu 65, kila kitu mistari imenyooka, hakuna doa hata moja. Ama toleo la F la jangwani, mchanga juu, bluu chini, umemaliza. Fw 190, ndege nyingine ya kivita ya Wajerumani, usikimbilie, ina madoa yaleyale na hiyo injini yake ya duara mbele ina kazi ya ziada.

Fundi Kipanga

Uswisi nimeipenda lakini kwa mtu wa modeli ya kwanza mimi nasema hapana. Akae na madoa ajifunze, mistari ya nyekundu kwa brashi itamkatisha tamaa aache kabisa.

Halafu Ngedere, kabla hujasonga, miguu ya matairi umeshabandika?

Ngedere wa Ilala

Bado, nilitaka nibandike leo. Kwani vipi?

Fundi Kipanga

Subiri upake kwanza, itakuwa inavunjika kila ukiishika. Na ukibandika usiisimamishe wima. Miguu ya 109 imeshikwa kwenye kiwiliwili chenyewe, pale kwenye shina la bawa, halafu inatanuka kwenda nje, na matairi yenyewe yamelala kidogo. Walifanya hivyo ili bawa liweze kufunguliwa ndege ikiwa imesimama kwa miguu yake, ila ndo maana ilikuwa inayumba na kuanguka wakati wa kupaa na kutua. Itazame kutoka mbele, pande zote mbili zilingane, weka kwenye meza iliyonyooka mpaka gundi ishike. Wanaozisimamisha wima utawajua tu, ndege inaonekana kama imevaa miguu ya mwenzake.

Kioo cha rubani usitumie supaglu, mvuke wake unakitia weupe. Gundi nyeupe ya maseremala, inakauka inakuwa haionekani. Ukitaka kukiacha wazi kinafunguka kwenda upande wa kulia wa rubani, hakitelezi nyuma.

Mpwani Halisi

Na stika, kabla hujaziweka piga vanishi ya kung'aa. Ukibandika juu ya rangi isiyong'aa hewa inabaki chini yake, ikikauka unaona inang'aa kifedha pembeni, inaharibu kazi yote. Zikigoma kukaa kwenye mikunjo, siki nyeupe na maji kidogo kwa pamba ya masikio inazilainisha, si sana lakini inasaidia. Ukimaliza ndo unapiga vanishi isiyong'aa juu ya vyote.

Ngedere wa Ilala

Mbarikiwe sana. Nimeamua, Mjerumani na madoa yake, mkia mtupu, Uswisi tutaonana baadaye. Vijiko nimeshavitoa jikoni, mama watoto keshaanza kuuliza. La mwisho, zile slati, vibamba vinavyofunguka mbele ya bawa, zimekuja vipande vya peke yake, nizibandike zimefunga au zimefunguka?

Buda wa Modeli

Zimefunguka. Zile hazikuwa na waya wala swichi ya rubani, zinasukumwa na upepo tu, ndege ikiwa imesimama chini kwa kawaida zinaning'inia wazi. Paka ile sehemu ya ndani kabla ya kubandika, brashi haitaingia tena hapo.