Mwarobaini wa uani: nipasue kwa chensoo hapa hapa au nipeleke bendiso? Na kukausha je?

Mtaani_Nkuhungu
Habari za jioni wakuu. Nina miarobaini mitatu uani, mizizi imeanza kupasua ukuta wa choo na lazima iondoke. Sitaki iishie kuwa kuni. Fundi mmoja anasema aje na chensoo (msumeno wa mnyororo) apasue mbao hapo hapo. Mwingine anataka nipakie magogo niyapeleke kwenye bendiso (mashine ya msumeno wa utepe). Halafu kuna jamaa ana tanuri la kukaushia, anadai mbao zitakuwa tayari ndani ya wiki chache, wakati mimi naona jua la Dodoma linatosha. Kipi bora? Nataka kuamua kabla ya Jumamosi.

Fundi_Changombe
Mkuu, swali limekuja bila mwili. Miti ina unene gani? Gogo limenyooka futi ngapi kabla ya kufika kwenye matawi? Unataka kutengeneza nini, milango, kitanda, viti? Imeshaangushwa au imesimama? Bila hayo kila mtu atakujibu kuhusu mti wa kwake.

BintiKongwa
Ushauri wangu ni mfupi: wape wachoma tofali hayo magogo, pesa nunua paini ya Mafinga iliyonyooka. Mwarobaini unapinda. Nimeona kwa macho yangu.

Samani_Kikuyu
@BintiKongwa hapana dada. Mwarobaini ni ndugu wa mkangazi na msederela, familia moja. Kiini chake ni chekundu, kinapendeza, na mchwa hawaupendi. Kuugeuza kuni ni dhambi. Unapinda kwa sababu watu hawaujui: nyuzi zake zimesukana, tabaka moja linaelekea huku na jingine kule, kwa hiyo ukikauka vibaya kila upande unavuta kwake. Hata kwenye randa unachunika usipokuwa na kisu kikali.

Mtaani_Nkuhungu
Samahani wakuu, niliandika haraka. Mkubwa una mzunguko wa sentimita 160 usawa wa kifua, hiyo miwili mingine ni myembamba kidogo. Shina limenyooka kama futi 7. Nataka milango miwili ya ndani na meza. Yote bado imesimama.

Fundi_Changombe
Sasa tunaongea. Mzunguko wa 160 ni upana wa kama sentimita 51, hilo ni gogo la maana. Usilipe chensoo. Mnyororo unakula kama milimita 9 kila ukipita, mipasuo mitatu imemeza ubao mzima wa inchi moja. Bendiso inakula milimita 2 au 3 tu, na ubao unatoka na unene ule ule mwanzo hadi mwisho. Ubao mnene huku na mwembamba kule hukauka kwa mwendo tofauti, hapo ndipo kupinda kunapoanzia.

Dereva_wa_Fuso
Bendiso wengi hawapokei mti wa uani. Misumari! Watu wamepigilia kamba za nguo, mabango, waya wa umeme, na mti ukaumeza. Nilipeleka gogo mwaka juzi, msumeno ukakatika kwenye msumari wa inchi sita na nikaulipa mimi. Kabla hujapakia, pia pita ofisi ya mtaa na kwa watu wa misitu. Ukikamatwa na magogo barabarani bila kibali cha kusafirisha, hakuna atakayesikiliza habari za ukuta wa choo.

Mtaani_Nkuhungu
Daah. Mkubwa ndio tunafungia kamba ya nguo tangu 2004.

Samani_Kikuyu
Basi sehemu ya kamba pasua kwa chensoo, iliyobaki ndio upeleke. Lakini ndugu yangu, kupasua ni nusu ya kazi. Acha nikueleze kilichonipata, maana nisingependa mtu mwingine apite hapo.

Mwaka 2019 mwezi wa tisa nilipata mwarobaini mzuri Iyumbu. Nikapasua inchi moja na nusu, nikaegemeza mbao ukutani zikitazama jua la mchana. Mnajua upepo wa Dodoma mwezi wa tisa, nguo mbichi inakauka kabla hujaanika ya pili. Siku ya nne ncha zote zilikuwa zimepasuka, nyufa ndefu kama shubiri. Nikakata ncha nikajipa moyo. Wiki ya sita ubao ukiugusa ni mkavu, ukiugonga unalia. Nikamtengenezea mteja mlango, mwalimu mmoja, akaupenda sana. Nilichokuwa sijui ni kwamba nje tu ndiko kulikokauka. Ngozi ilishajifunga, ndani bado kuna maji. Januari mvua zilipochanganya mlango ukavimba, haufungi. Nikaenda kuuranda pembeni. Mwezi wa sita ukasinyaa, pengo la kidole linaonekana, na paneli ya kati ikapasuka usiku kwa kishindo hadi watoto wakaamka. Nilimtengenezea mwingine wa mkangazi kwa pesa yangu. Yule mama hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Kwa hiyo Dodoma shida yetu ni kukauka haraka mno. Kivulini, chini ya paa, sio juani. Ncha zipake rangi ya mafuta siku ile ile ya kupasua, usisubiri kesho. Panga juu ya matofali, kila tabaka tenganisha kwa vijiti vya inchi moja vilivyolingana, kijiti kikae juu ya kijiti kutoka chini hadi juu. Juu kabisa weka mawe mazito. Upande unaotazama upepo ning'iniza magunia.

Mzee_wa_Mpwapwa
Umesema vyema. Sisi tulipasua kwa msumeno juu ya shimo, mmoja juu mmoja chini, na mti tulikata mwezi ukiwa giza. Ukikata mwezi mpevu, maji yamejaa na bungua, wale wadudu watoboa mbao, wanaingia.

MhitimuMoshi
Shikamoo mzee. Kwa heshima, bungua hafuati mwezi, anafuata wanga ulio kwenye ile mbao nyeupe ya nje. Ukiuondoa weupe kwenye milango, umemwondolea chakula.

Mzee_wa_Mpwapwa
Marahaba mwanangu. Kitanda changu kimekaa miaka 31 hakijatoa unga. Mwezi ulikuwa giza.

MhitimuMoshi
Nakubali kitanda ni kizuri mzee, bila shaka kilitengenezwa na kiini kitupu. Kwa mleta mada: tanuri si baya kama mwenyewe anapima. Muulize anapimaje unyevu. Ukiwa huna kipimo, kata kipande katikati ya ubao, kipime, kikaushe kwenye oveni kama nyuzi 103 mpaka uzito usishuke tena. Kikiwa gramu 820 kibichi na 500 kikavu, tofauti ni 320, gawa kwa 500: asilimia 64. Kwa milango ya ndani tafuta 12 kushuka chini. Ubao hauanzi kusinyaa mpaka ufike karibu asilimia 30, kwa hiyo ukiuona umenyooka mwezi mmoja baada ya kupasua usisherehekee.

Fundi_Changombe
Akijibu "napima kwa kugusa", ondoka. Na ule moyo mwembamba wa katikati kabisa ya gogo usiingie kwenye ubao wa meza, utapasuka tu.

BintiKongwa
Yote haya ili upate milango miwili? Paini unanunua leo, unapigilia kesho.

Samani_Kikuyu
Paini yenyewe inafika hapa mbichi dada, inatoka kwenye lori ikidondosha maji. Hebu pima kenchi zako.

BintiKongwa
Kenchi zangu hazijapinda. Ila sawa, moja imezunguka kidogo upande wa jikoni.

Dereva_wa_Fuso
Na kivuli je? Ukiondoa miarobaini mitatu Nkuhungu, Oktoba utakaa wapi?

Mzee_wa_Mpwapwa
Apande mkwaju, mbali na ukuta. Unaenda taratibu lakini wajukuu watakaa chini yake.

Mtaani_Nkuhungu
Asanteni sana wote. Leo nimeenda ofisi ya mtaa, nimeambiwa nirudi Jumatatu, kwa hiyo Jumamosi imeshapita yenyewe. Rangi ya ncha nimenunua. Mwenye tanuri nimemuuliza anapimaje, akasema ataniita. Sehemu isiyo na kamba nitaipeleka bendiso nikipata mtu mwenye kifaa cha kutafuta misumari. Kuna anayemjua hapa mjini?

Mama_Vifaranga
Mimi simjui kaka, ila yale mabanzi ukishapasua nakuomba usiyagawe. Nahitaji ya kuzungushia banda, nipo Nzuguni.