"Soar": kupaa au kuruka?

Swali: Naomba msaada. Kamusi inasema "soar" ni kupaa. Mbona hutumika kwa tai asiyepiga mabawa kabisa?

Jibu 1: Hapo ndipo penye utamu wa neno hili. Tai hutandaza mabawa, akazunguka ndani ya hewa ya moto inayopanda, nayo ikamwinua. Akitoka humo huanza kushuka taratibu, na hapo Kiingereza husema "glide". Ukitafsiri "aliruka" unapoteza picha yote. Andika "alipaa ametandaza mabawa".

Jibu 2: Kwa bei, ni kupanda sana tena kwa kasi: "bei zimepaa". Ongezeko la asilimia 2 ni "rise" tu.

Jibu 3: Tahajia pia! "Sore" hutamkwa vilevile, lakini ni -enye kuuma.