Skrubu ndogo za meno au hedigia, kipi kinashikilia vizuri?

MamaUyole: Wadau habari zenu. Binti yangu ana miaka 15, meno ya juu yamechomoza hadi mdomo haufungi vizuri, daktari kasema ang'olewe magego madogo mawili ya juu halafu ya mbele yavutwe nyuma. Sasa kanichagulisha, viskrubu kwenye mfupa au hedigia, ule mkanda wa kuvaa kichwani unaozuia magego ya nyuma yasije mbele. Mie kusikia skrubu tu mwili ulisisimka.

KiloloBoy: Hedigia masaa 12 mpaka 14 kila siku, binti wa sekondari? Mama usijidanganye, ukigeuka tu anavua 😂

TabibuMeno: Mama shida iko hivi, ukivuta meno ya mbele kwa kushikilia gego kubwa la nyuma, na gego nalo linavutwa kuja mbele, nafasi mliyong'olea inaliwa pande zote mbili na meno hayarudi kiasi mlichotaka. Skrubu imeshika mfupa siyo jino, kwa hiyo gego linatulia. Ni ya titani, unene milimita 1.2 mpaka 2, urefu 6 hadi 12, ganzi kidogo tu inaingia, na matibabu yakiisha inafunguliwa fasta.

NjombeBaridi: Tabibu mbona husemi zinalegea? Ya mdogo wangu ililegea, tukafunga safari tena Makambako mpaka Mbeya kwa kitu kidogo kama punje ya mchele.

TabibuMeno: Kweli mkuu, tafiti zikijumlishwa ni kama 13 kwa 100. Mara nyingi fizi imevimba kwa uchafu, au mfupa bado laini, au skrubu imesogelea mzizi. Ikilegea inatolewa inawekwa sehemu nyingine, za kwenye kaakaa ndo zinashika zaidi.

BintiMafinga: Mbona mmeruka waya wa kuvuka kaakaa unaounganisha magego makubwa ya kulia na kushoto? Hautoboi popote. Ila tusidanganyane, gego bado linasogea, kwa hiyo kama meno yanatakiwa yarudi kidogo tu unatosha, kama yamechomoza hivyo mimi ningeenda na skrubu.

MamaUyole: Asanteni sana. Yuko bweni Iringa, basi hedigia siitaki tena. Hivi ikilegea nalipia upya?

TabibuMeno: Hilo mkubaliane kabla hajawekewa. Na mnunulie mswaki laini, kichwa cha skrubu kisafishwe kila akimaliza kula, bwenini watu wanajisahau.