Chaneli ya jamii isiyo ya biashara: hela hutoka wapi?

Swali: Wakuu, tuko Mbale, tunataka chaneli ya TV ya jamii isiyouza matangazo. Marekani wanaziendeshaje?

Jibu 1: Sheria ya Marekani ya TV ya kebo (inayofika kwa waya) ya 1984 inaruhusu mji kuitoza kampuni ya kebo ada isiyozidi asilimia 5 ya mapato yake ya kebo pale, na kudai chaneli za wananchi, shule na serikali. Lakini mji haulazimiki kuipa studio ya chaneli hizo hela hiyo! Na wateja wakihamia intaneti, ada inashuka.

Jibu 2: Ndugu, hapa Uganda leseni hutoka UCC (Tume ya Mawasiliano ya Uganda), na mawimbi ya TV ya dijitali hurushwa na kampuni ya Signet. Tafuteni kwanza hela ya kurusha ya kila mwezi.

Jibu 3: Nunueni maikrofoni ya kubana shatini kabla ya kamera ya pili, tafadhali. Rekodini sekunde 30, msikilize kwa hedifoni. Shati likisugua, isogezeni.